KUITOA INJINI YA LORI LA DIZELI

Lori ni mtumishi mkubwa wa wakulima. Likisimama siku za mavuno, mahindi hukaa ghalani yakaliwa na wadudu, na mwenye lori hukosa nauli. Kwa kuwa mafundi wa mjini wako mbali, watu wengi huzitoa injini zao na kuzitengeneza uani kwao. Si vibaya, lakini kazi hii ina utaratibu wake, na asiyeufuata hupata hasara mara mbili.

Kwanza yafaa kuijua tabia ya injini hii. Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani, aliifanikisha mwaka 1897 katika mji wa Augsburg. Haina cheche za kuwasha mafuta. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda mpaka ikawa moto sana, kisha dizeli hupulizwa humo kwa nguvu, ikawaka yenyewe. Kwa sababu ya nguvu hiyo hapana budi chuma chake kiwe kinene, na injini ya lori yenye silinda 6 aghalabu huzidi kilo 400. Basi ikianguka yaweza kumwua mtu. Tena pampu yake ya dizeli ni laini mno: nafasi iliyo kati ya pistoni zake na nyumba zake ni elfu chache tu za milimita, nyembamba kuliko unywele. Chembe ya mchanga usiyoiona yatosha kuiharibu.

Kabla ya kushika spana, hakikisha kwamba yapasa kutolewa. Moshi mweusi waweza kuletwa na chujio la hewa lililoziba au nozeli mbovu, na hayo hutengenezwa injini ikiwa mahali pake. Lakini moshi wa samawati usiokoma, oili ipunguayo kila safari, na silinda zisizoshindilia hewa, hizo ni dalili za uchakavu wa ndani.

Katika kijiji chetu jirani mmoja aliifungua injini yake kwa siku moja, nati zote akazitia katika debe moja. Kuirudisha kulichukua miezi miwili, na mavuno yakapita. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi chukua daftari, kalamu, na mikebe mingi. Kila bolti uitoapo, itie katika mkebe wake, uandike imetoka wapi. Kila waya na kila bomba vifunge kitambulisho chenye nambari, na nambari hiyo iandike daftarini. Kabla ya kuigusa pampu, tafuta alama zilingazo pampu na injini. Kama hazionekani, kwaruza mstari mmoja unaopita juu ya vyote viwili.

Sasa kazi yenyewe. Lisimamishe lori mahali sawa, penye ardhi ngumu, ulizuie magurudumu kwa magogo. Injini ikiisha kupoa, ung'oe kwanza waya wa betri uliofungwa katika chesi, kisha ule mwingine. Toa maji, kisha oili, katika madebe. Usiimwage karibu na kisima. Ondoa boneti na rejeta. Fungua mabomba ya dizeli, na midomo yake yote uizibe papo hapo kwa vifuniko safi. Fungua ekzosti, nyaya na klachi.

Giaboksi isiachwe ining'inie. Tia ubao mnene chini yake, uufunge kwa minyororo katika chesi, ndipo ufungue bolti ziunganishazo giaboksi na injini.

Wengine huinulia injini katika tawi la mwembe. Tawi halitoi onyo kabla ya kuvunjika. Tumia kapi la mnyororo liwezalo kuchukua tani 1 au zaidi, likitundikwa katika nguzo tatu za chuma zilizofungwa pamoja juu, na miguu yake ikafungwa isiteleze. Mnyororo ushikizwe katika pete za kuinulia, si katika mabomba wala vifuniko. Fungua miguu ya injini, uivute mbele mpaka shafti ya giaboksi itoke kabisa katika klachi. Inua kidogo tu, usimame, utazame kama uko waya uliosahauliwa. Ikiisha kupita juu ya bampa, ondoeni magogo, mlisukume lori nyuma polepole. Injini ikae pale pale. Kisha ishusheni mara moja juu ya mbao imara, uzito usikalie bakuli la oili. Mtu yeyote asiingize mkono wala mguu chini ya injini inayoning'inia, na watoto wakae mbali.

Siku mbili za kufungua kwa uangalifu si hasara. Siku ile injini irudipo mahali pake, daftari lile ndilo litakalosema kama lori litachukua mavuno, au litabaki uani kuku wakilalia ndani yake.