Usilizime Onyo la Kiambatisho, Lipunguzie Kelele

"Kaka, hili dirisha linanichosha, hebu nitolee." Dada wa uhasibu aliniambia hivyo asubuhi moja ya mwisho wa mwezi, ankara zikiwa zinamiminika. Nikasimama nyuma ya kiti chake nimwangalie anavyofanya kazi. Kila alipobofya kiambatisho mara mbili, Outlook ilimletea kidirisha cha onyo, na kidole chake kilikwisha kubonyeza Open kabla macho hayajafika kwenye jina la faili. Simlaumu hata kidogo. Onyo likikutokea kutwa nzima, jicho huacha kuliona.

Sikulizima. Tulikaa pamoja kama nusu saa tukapanga litokee pale tu linapostahili. Vitufe nitavitaja kwa Kiingereza, maana ndivyo vinavyosomeka kwenye kompyuta nyingi za ofisi zetu.

1. Jua ile tiki inaamua nini

Kwenye Outlook ya zamani, ndani ya kidirisha cha onyo kuna kisanduku kidogo kilichoandikwa "Always ask before opening this type of file". Wengi hudhani wakiondoa tiki hapo wamemwamini aliyewatumia faili. Sivyo. Tiki ile haimjui mtumaji, inajua aina ya faili tu. Ukiiondoa kwa ajili ya PDF ya muuzaji wako wa karatasi, PDF zote zitafunguka kimyakimya, hata ile iliyotumwa saa nane usiku na mtu usiyemjua.

Jambo la pili linalowapotosha watu: onyo hili halijapima chochote. Halisemi faili lina kirusi, wala halisemi ni salama. Kupima ni kazi ya antivairasi.

Kwa dada yetu, zaidi ya nusu ya viambatisho vilikuwa picha za risiti kutoka kwa madereva. Tukaondoa tiki kwa JPG na PNG, basi. Word, Excel, PDF, zip na HTML zikabaki zinauliza. HTML msiidharau: mara nyingi ni ukurasa bandia unaokuomba nywila ya barua pepe yako.

Kisanduku kikiwa na rangi ya kijivu na hakibonyezeki, funga Outlook, uifungue upya kwa kubofya aikoni yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua Run as administrator. Kama kompyuta ni ya ofisi na huna ruhusa hiyo, mwite fundi wenu.

2. Onyesha jina la faili hadi mwisho

Tarehe 4 Mei 2000, barua pepe yenye kichwa ILOVEYOU ilianza kusambaa kutoka Ufilipino. Kiambatisho chake kiliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ilikuwa imezoea kuficha herufi za mwisho, kwa hiyo watu waliona .TXT wakadhani ni barua ya maandishi matupu. Kumbe .vbs ni programu, na ilipofunguliwa ilijituma kwa kila mtu aliyekuwa kwenye kitabu cha anwani cha Outlook. Hata Bunge la Uingereza lilifunga barua pepe zake siku hiyo.

Windows bado inaficha herufi hizo isipoambiwa vinginevyo. Kwenye Windows 11 fungua File Explorer, nenda View, kisha Show, weka tiki kwenye File name extensions. Kuanzia hapo "ankara.pdf.exe" haitaweza tena kujifanya "ankara.pdf".

3. Mstari wa njano na mstari mwekundu si ndugu

Faili la Word au Excel lililotoka kwenye barua pepe hufunguka likiwa na mstari wa njano juu na kitufe cha Enable Editing. Hapo unaweza kulisoma bila kugusa chochote, na mara nyingi kusoma ndicho kitu pekee unachohitaji. Hakikisha ulinzi huo umewashwa: ndani ya Word nenda File, Options, Trust Center, Trust Center Settings, Protected View, uache tiki zote tatu mahali pake. Fanya vivyo hivyo kwenye Excel.

Mstari mwekundu ni habari nyingine. Tangu 2022 Microsoft imekuwa ikizuia makro, yaani amri zilizofichwa ndani ya hati, katika mafaili yaliyotoka kwenye intaneti, na mstari huo ndio unaotangaza kizuizi hicho. Ukikutana na hati inayokuonyesha picha nzuri na maelekezo ya jinsi ya kuondoa kizuizi hicho, ifunge. Ankara ya kweli haina sababu ya kukufundisha kufungua kufuli.

4. Chungulia kabla ya kufungua

Bofya kiambatisho mara moja tu, Outlook ikuonyeshe yaliyomo palepale. Katika hali hiyo makro hazifanyi kazi. Tiketi, barua, orodha ya bei: vyote vinasomeka hivyo, na maonyo yanapungua.

5. Zip yenye nywila

Nywila ikiwa imeandikwa ndani ya barua ileile, shuku. Antivairasi haiwezi kuona ndani ya zip iliyofungwa, na wezi wanalijua hilo.

6. Kama unatumia Thunderbird

Nenda Settings, General, ushuke hadi Files & Attachments. Utakuta orodha ya aina za mafaili na kinachofanyika kila moja inapofunguliwa. Usiyoiamini ipe Always ask. Kisha ingia Privacy & Security, uwashe ile tiki ya kukujulisha barua inapofanana na utapeli.

7. Outlook ikikataa kabisa, kubali

Baada ya ILOVEYOU, Outlook ilifundishwa kuzuia mafaili kama .exe na .vbs, usiweze hata kuyafungua. Mitandaoni kuna maelekezo ya kuondoa kizuizi hicho kwenye rejista ya Windows. Nakusihi usiyafuate. Mwambie mtumaji aliweke faili kwenye hifadhi mnayoshirikiana.

8. Tafsiri onyo, ulibandike ukutani

Hili ndilo ningelifanya kwanza kama ningeanza upya. Mtu anayefanya kazi kwa Kiswahili kutwa nzima anaonywa kwa Kiingereza chenye herufi ndogo, halafu tunashangaa kwa nini hasomi. Tuliandika kwenye karatasi, kwa kalamu ya wino mzito:

"Kompyuta inauliza: unamjua aliyetuma? Ulikuwa unalitarajia faili hili? Jina linaishia na herufi gani? Kama hujui hata moja, bonyeza Cancel, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyo kwenye barua."

Karatasi iko pembeni ya skrini yake hadi leo. Chini yake ameongeza, kwa mwandiko wake, namba za simu za wauzaji watatu wanaotuma ankara kila mwezi.