Damu Chooni Si Jina la Ugonjwa

Hapa kwetu Kigali mtu akihara damu, jirani humwambia mara moja, "Hiyo ni amiba." Basi mgonjwa hununua vidonge, akameza, akangoja. Lakini damu chooni ni dalili tu, na dalili moja yaweza kuwa na sababu nyingi.

Sababu ya kwanza ni vijidudu. Mwezi wa Julai 1994, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walikimbilia Goma. Kilianza kipindupindu, kikafuata kuhara damu kwa bakteria aitwaye Shigela, ambaye Mjapani Kiyoshi Shiga alimgundua mwaka 1897. Dawa nyingi zilizozoeleka hazikumweza. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, wengi wao kwa maradhi ya kuhara.

Sababu ya pili haiambukizi. Ni uvimbe wa matumbo usiokoma: kinga ya mwili, badala ya kutulinda, hushambulia utumbo wenyewe na kuutia vidonda. Mjomba wangu anao. Alikwisha kunywa dawa za amiba mara nne ndipo daktari alipompima kwa mpira wenye kamera, akaviona vidonda.

Sasa tazameni mtego uliopo. Mwaka jana damu ilimrudia. Jamaa wakasema ugonjwa wake umeamka, aongezewe dawa ya kutuliza uvimbe. Daktari hakukubali mpaka choo kipimwe. Dawa ile hupunguza kinga. Bakteria wakiwamo tumboni, ni sawa na kumfunga mlinzi kamba hali mwizi yumo ndani. Na kweli maabara ilimkuta bakteria Klostridiumu difisile. Huyu hupata nafasi hasa baada ya mtu kutumia dawa za kuua bakteria, kwa kuwa dawa hizo huua na wale wema wanaomzuia. Wenye uvimbe wa matumbo huwapata kwa urahisi kuliko watu wengine. Mjomba alitibiwa bakteria kwanza, akapata nafuu.

Nasi tujifunze mambo matatu. Ukiona damu, nenda kituo cha afya ukapimwe choo. Usimeze vidonge vilivyobaki vya mwenzako. Tena nawa kwa sabuni na maji, maana mbegu za Klostridiumu hazifi kwa spiriti ya kupaka mikononi. Aliye na ugonjwa wa zamani aweza kupatwa na mpya pia. Hakuna ajuaye bila kupima.