Behewa la Sakafu Moja na Behewa la Ghorofa

Reli haijafika Meru wala Embu. Mtu wa Meru atakaye gari la moshi hushuka hadi Nanyuki. Stesheni iliyo karibu na Embu ni Sagana. Reli hiyo ina upana wa meta 1, na mabehewa yake ya abiria ni ya sakafu moja.

Huko Chicago, Marekani, tangu mwaka 1950 yako mabehewa ya ghorofa, ambayo abiria huketi chini na juu. Je, huchukua watu maradufu? La. Ngazi hula nafasi. Faida yake huonekana pale ambapo watu ni wengi na jukwaa ni fupi, hata treni haiwezi kurefushwa.

Hasara huonekana stesheni. Mama mwenye mzigo wa ndizi mgongoni hapandi ngazi upesi, na treni haina budi kumngoja. Tena kila daraja lipitalo juu ya reli lazima lipimwe kimo. Wajapani wameyaweza mabehewa hayo juu ya reli iliyozidi ile ya Nanyuki kwa sentimita 7 hivi tu; basi wembamba wa njia si kizuizi. Lakini jukwaa likiwa na nafasi, kufunga behewa moja zaidi mkiani ni kazi rahisi kuliko kujenga ghorofa.