TUYAJUE MADINI YA BATI

Sisi wa Karagwe na Kyerwa tukisikia neno bati, tunafikiria paa la nyumba. Lakini bati la paa ni chuma kilichopakwa zinki. Bati lenyewe hutoka katika mawe yanayochimbwa Kyerwa tangu miaka ya 1920. Leo tujifunze habari zake.

Bati lilitoka wapi?
Zamani sana, maji ya moto ya chini ya ardhi yalipita kwenye nyufa za miamba. Yalipopoa yaliacha mawe meupe yenye punje nyeusi au za kahawia. Punje hizo huitwa kasiteraiti. Mvua ilibomoa miamba, punje zikakusanyika mabondeni. Ndiyo maana wengine huchimba milimani, na wengine huosha mchanga mabondeni.

Tabia zake
Kasiteraiti ni nzito. Jaza kikombe kimoja kasiteraiti safi, kingine changarawe. Cha kasiteraiti kitazidi mara mbili kwa uzito. Kwa hiyo ukiosha mchanga kwenye karai, maji huchukua udongo, punje hubaki chini. Bati lililosafishwa ni jeupe kama fedha. Ni laini, halishiki kutu, na huyeyuka kwenye joto la digrii 232 tu.

Kazi zake
Makopo mengi ya chakula ni chuma kilichopakwa bati. Lehemu ya fundi redio pia ina bati. Likichanganywa na shaba, tunapata metali ngumu ya kutengenezea kengele.

Tusipunjwe
Mnunuzi huangalia uzito na usafi. Tufanye hesabu. Mfuko una kilo 50. Katika kila kilo 100, bati ni kilo 60. Basi mfuko una bati kilo 30. Anayeuza kwa kukisia macho, shauri yake! Tuuze kwenye soko la madini lililoruhusiwa, tupewe stakabadhi, tuisome. Mwaka 2010, huko Lusaka, wakuu wa nchi za Maziwa Makuu waliunga mkono mpango wa vyeti vya madini, bati likiwamo. Bati la magendo halina cheti, na mwenye nalo hupangiwa bei.

Mwisho, tusiingie shimoni udongo ukiwa umelowa. Bati limekaa ardhini miaka mamilioni. Litatungoja mpaka udongo ukauke.

Maswali ya kujadiliana
1. Bati la paa limepakwa nini?
2. Mfuko wa kilo 40 wenye bati kilo 50 katika kila 100, una bati kilo ngapi?
3. Kwa nini tudai stakabadhi?