SOMO LA WAFUGAJI: TUIJUE HALI YA ZIZI LETU

Masomo: Mithali 12:10, Mithali 27:23–27



Mithali inatuagiza tuijue hali ya makundi yetu, tena inatupa sababu: mali haidumu milele. Sisi tunaofuga katika nchi kavu ya Dodoma na Mpwapwa tunaijua kweli hiyo. Mvua zikipungua, ifikapo Oktoba ng'ombe wamebaki mifupa. Ndipo kila mtu huwaswaga mnadani siku moja na jirani zake, na bei huanguka. Wengine hufia njiani. Aliyehesabiwa tajiri mwezi wa Juni huomba debe la mahindi mwezi wa Desemba. Basi leo tujifunze mambo matatu yanayoweza kutuponya.

1. Mbegu

Dume ni nusu ya zizi, maana kila ndama hupata nusu ya damu yake kwake. Lakini tunafanyaje? Dume mkubwa, mwenye mgongo mpana, tunamuuza kwanza kwa kuwa ana bei. Anayebaki kupanda majike ni yule mdogo asiyepata mnunuzi. Kwa njia hiyo tunauza mbegu bora na kupanda mbegu mbovu, kisha tunashangaa kuona kundi linadhoofika.

Tuchague dume mmoja ambaye mama yake ana maziwa mengi na hazai kwa kuchelewa. Madume mengine yahasiwe mapema, yanenepeshwe, yauzwe. Tena dume asipande binti zake. Kila baada ya miaka 2 au 3 tumwondoe na kuleta mwingine kutoka zizi lisilo na ugonjwa wa kutupa mimba. Bwana Mifugo ampime kwanza.

Je, tutafute ng'ombe wa kigeni? Friesian ana maziwa mengi, lakini anadai majani mengi, maji mengi na ulinzi mkubwa juu ya kupe. Asiye na chakula cha ziada asianze naye. Kituo cha mifugo cha Mpwapwa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kilifanya kazi ya miaka mingi kuchanganya ng'ombe wetu wa asili na aina za Asia kama Sahiwal na Red Sindhi. Akapatikana ng'ombe aitwaye Mpwapwa, anayestahimili ukame na kutoa maziwa kuliko wa asili. Huyo, au chotara wake, anatufaa zaidi.

Anayetumia mbegu ya chupa akumbuke saa. Jike akionekana na joto asubuhi, apandishwe jioni. Akionekana jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Akikosa kushika mimba, joto hurudi baada ya siku 21 hivi.

2. Chakula

Mbegu njema bila chakula ni kama shamba lililopandwa lisipaliliwe. Tupige hesabu. Ng'ombe wa kilo 250 hula karibu kilo 6 za majani makavu kwa siku. Tukitaka kumpa nusu ya chakula hicho nyumbani kwa miezi 5 ya shida, ni kilo 3 mara siku 150, yaani kilo 450. Mwenye ng'ombe 4 anahitaji kilo 1,800. Jambo hilo linawezekana. Mwenye ng'ombe 40 hawezi kukusanya kilo 18,000.

Majani yakatwe yanapoanza kutoa maua, yakaushwe na kuwekwa juu ya uchaga mahali pasiponyeshewa. Yakingoja hadi yawe meupe, yamebaki kujaza tumbo tu. Mabua ya mahindi na uwele yasichomwe moto, nayo majani ya karanga na kunde yahifadhiwe. Mwenye maziwa aongezewe pumba na mashudu kidogo ya alizeti, chumvi, na maji ya kutosha kila siku.

Ndama apewe dang'a katika saa 6 za kwanza, maana ndiyo kinga yake. Na mama yake aachwe kukamwa siku 60 kabla ya kuzaa tena.

3. Shauri la nyumbani

Katika nyumba nyingi baba ndiye anayeamua ng'ombe wa kuuzwa, lakini mama ndiye anayekamua. Yeye anajua yupi anajaza kibuyu na yupi anakula bure. Basi wakae pamoja mwezi wa Mei au Juni, ng'ombe wakiwa bado wanene. Wale wazee, tasa na madume ya ziada wauzwe wakati huo. Fedha hizo zitalipa mahitaji ya shule, chanjo na mashudu. Kuuza namna hiyo si kufukarika. Heshima ya mfugaji haiko katika wingi wa pembe huku watoto wanakunywa uji mkavu.

Mithali inasema mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Kumwacha mnyama afe kwa njaa ili tuhesabiwe kuwa na wengi ni kumkosea yeye na Mungu aliyetukabidhi.

Maswali ya kujadiliana katika mtaa

1. Ni nani aliyezaa ndama wa mwaka huu zizini mwetu, na tulimchagua sisi?
2. Tunaweza kulisha ng'ombe wangapi hadi mvua zirudi?
3. Je, tunaweza kununua dume mmoja bora kwa ushirika wa nyumba kadhaa?

Bwana abariki kazi za mikono yetu. Amina.