Mtoto Asiyependa Shule: Je, Tumfundishe Nyumbani?



Somo letu la leo lahusu mtoto ambaye si mgonjwa wala si mjinga, ila masomo hayampendezi. Asubuhi huamshwa mara tatu. Daftari lake lina kurasa tupu nyingi kuliko zilizoandikwa. Mwalimu huandika kila muhula kwamba anaweza kufanya vizuri zaidi, na mtoto mwenyewe akiulizwa hana la kusema. Wazazi wengine wamechoka hata wanaulizana: kwa nini tusimtoe huko, tumfundishe wenyewe hapa nyumbani?

Hilo si swali la kipuuzi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo la mwaka 1965, unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Papa Yohane Paulo II alilirudia fundisho hilo mwaka 1981 katika wosia wake juu ya familia, Familiaris Consortio: haki na wajibu huo wa wazazi hauwezi kuachiwa wengine kabisa, wala wengine hawawezi kuwanyang'anya. Basi mzazi anayesema kwamba shule ni msaidizi wake hajakosea.

Lakini wengi hufunga kitabu hapo. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanoni ya 796, zatutaka tuziheshimu sana shule kwa sababu ndizo msaada mkubwa wa wazazi katika kulea, tena zatutaka tushirikiane kwa karibu na walimu. Kabla ya kumtoa mtoto, yafaa kila mzazi ajiulize: je, ushirikiano huo nimewahi kuujaribu? Siku ya mkutano wa wazazi mabenchi hujaa akina mama. Akina baba huhesabika kwa vidole.

Iko pia sheria ya nchi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamlazimu mzazi kumpeleka mtoto shuleni, na asiyefanya hivyo anaweza kushtakiwa. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa ombi la wazazi waliotaka kufundisha watoto wao nyumbani. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kuamua jambo hili kwa sababu tu amesikia jirani anafanya. Kwanza aende ofisi ya elimu, aulize.

Sasa tuje kwa upande wa ndoa, maana hapo ndipo penye uzito. Tuchukue mfano. Baba anafanya kazi Athi River na hulala huko; anarudi Machakos Jumamosi jioni. Mama anauza mboga sokoni. Mtoto yuko Gredi ya 7. Baba anasema, "Tumtoe, utamfundisha wewe." Tazameni neno hilo: uamuzi ni wa wawili, mzigo ni wa mmoja. Tangu Jumatatu hadi Ijumaa mama atakuwa mzazi, mwalimu na askari, na meza yake sokoni itabaki bila mtu. Jumamosi baba ataingia na kuuliza, "Wiki hii amejifunza nini?" Huenda ameuliza kwa nia njema, lakini mama atasikia mashtaka. Uvivu wa mtoto utakuwa umehamia chumbani kwa wazazi wake. Naye mtoto, ambaye si mjinga, atajua kwamba baba na mama wakigombana yeye huachwa apumzike.

Tena tunakumbuka mwaka 2020. Shule zilifungwa mwezi wa Machi, na madarasa mengi hayakurudi hadi Januari 2021. Mtoto mwenye hamu aliendelea kusoma hata kwa kitabu kimoja kilichochanika. Asiyekuwa na hamu hakuipata kwa sababu ya kukaa nyumbani.

Kwa hiyo tutafute kwanza kilichoiondoa hamu hiyo. Macho na masikio yapimwe hospitalini, maana mtoto asiyeona ubao huitwa mvivu bure. Kama hajui kusoma vizuri ingawa anajitahidi, ziko ofisi za serikali za kupima mahitaji ya watoto katika elimu; mwalimu mkuu ataelekeza. Jambo jingine husahaulika sana huku kwetu. Katika gredi za kwanza mtoto wa kijijini anatakiwa kufundishwa kwa Kikamba, kisha kuanzia Gredi ya 4 masomo huwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa mchangamfu hadi Gredi ya 3, akapoa ghafla, huenda hajachukia shule. Huenda haelewi kinachosemwa, naye anaona aibu kusema. Muulizeni pia, kwa upole na si mbele ya ndugu zake, kama kuna anayempiga au kumcheka.

Halafu baba na mama mwongee wawili peke yenu, na isiwe usiku ule baba ameshuka matatu akiwa amechoka. Kubalianeni muhula mmoja wa kujaribu. Nusu saa baada ya chakula iwe ya vitabu, televisheni imezimwa. Baba aliye mbali apige simu saa hiyo, asianze na alama, aulize mtoto amependa nini leo. Mpeni pia kazi ya kufikiri: apime urefu wa matuta ya shamba, ahesabu mauzo ya mama. Mama apumzishwe siku moja katika wiki. Kama baba hayupo, shangazi au kaka mkubwa asimame naye.

Muhula ukiisha bila badiliko, fikirini kubadili shule kabla ya kuiacha kabisa. Ugonjwa wa muda mrefu au ulemavu unaweza kulazimisha mtoto kusomea nyumbani kwa kipindi, lakini hilo lifanyike kwa ushauri wa daktari, shule na ofisi ya elimu.

Maswali ya kujadiliana wawili, au katika jumuiya ndogo:

Mara ya mwisho sisi wawili kwenda shuleni pamoja ilikuwa lini?

Mtoto wetu alianza kupoa katika gredi gani, na mwaka huo nyumbani kulikuwa na nini?

Kama tungemfundisha nyumbani, nani angeacha kazi yake, na pengo la fedha lingezibwaje?

Je, kuna neno ambalo mmoja wetu humwambia mtoto kuhusu shule na mwenzake hulipinga mtoto akisikia?