JIKO LITOKE NJE KABLA YA KULALA

Kijitabu cha kaya za Njombe, Makete na jirani zake, kwa msimu wa baridi

Ndugu mwenye nyumba, mama, na ninyi vijana mnaolala kwenye mahema na maturubai kambini:

Baridi ya Juni, Julai na Agosti mnaijua. Kule Kitulo kuna asubuhi majani yanaamka meupe kwa barafu. Msimu huo ukifika, naitwa alfajiri kwenye nyumba ambayo majirani wamevunja mlango. Ndani nakuta yaleyale: jiko limebaki majivu, dirisha limezibwa kwa nguo, watu wamejifunika blanketi kana kwamba wamesinzia tu. Hawakupata hata nafasi ya kupiga kelele.

Basi nalisema mwanzoni na nitalirudia. Jiko litoke nje kabla ya kulala.

KINACHOUA

Ni hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa, kuni au maranda yanapoungua. Moshi unakukohoza na kukutoa machozi mpaka ukimbie. Hewa hii haina harufu wala rangi, na haikohozi. Inakulegeza ukiwa umelala.

MKAA USIO NA MOSHI SI MKAA SALAMA

Mkaa uliokolea, mwekundu, ule mnaosema "sasa umeiva, ingiza ndani", ndio huohuo unaoua.

MANENO NINAYOAMBIWA KILA MWAKA

"Tuliacha dirisha wazi kidogo." Upenyo wa dirisha hautoshi kwa chumba chenye jiko na watu waliolala.

"Tuliweka beseni la maji pembeni." Maji hayanyonyi sumu hii. Chumvi na majani mabichi navyo havisaidii.

"Tuliufukia mkaa kwa majivu." Chini ya majivu mkaa unaendelea kuungua, na sumu inaendelea kutoka.

"Mama amejifungua, lazima apate joto na mtoto wake." Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu linafanywa kwa upendo. Bibi anawasha jiko, anafunga mlango upepo usiingie, kumbe anamfungia mjukuu na sumu. Mtoto mchanga ana joto lake kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, amevaa kofia na soksi, na blanketi limewafunika wote wawili. Mkitaka kupasha chumba moto, pasheni mapema, mlango ukiwa wazi na watu wakiwa macho. Kisha jiko litoke nje, ndipo mlango ufungwe. Mjamzito naye asikae chumba chenye jiko, maana sumu inamfikia mtoto tumboni.

HEMA NA TURUBAI

Msidhani kitambaa kinapitisha hewa. Turubai likilowa kwa mvua au umande, linaziba. Jiko la mkaa lisiingie kwenye hema hata kwa dakika chache za kuota moto.

Wenye jiko la bati la kuni lenye bomba, sikilizeni. Bomba lipite juu ya kilele cha hema, na pale linapotoboa turubai pawe na kizuizi kisichoshika moto, kwa sababu bomba la moto likigusa turubai linaliwasha. Jiko likae juu ya mawe au mchanga, mbali na kuta, nguo na matandiko. Viungo vya bomba visivuje. Acheni matundu ya hewa, moja chini na moja juu. Ndoo ya mchanga iwe karibu, na njia ya kutokea isizibwe na mizigo. Hata hivyo, moto uzimwe kabisa kabla ya mtu wa mwisho kulala.

MSIBANI

Msibani watu hulala wengi chumba kimoja, mlango umefungwa, jiko katikati. Hapo pia jiko litoke nje.

DALILI

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu. Watu wawili au watatu wa nyumba moja wakianza kulalamika kwa pamoja, na jiko liko ndani, msiseme ni malaria, msiseme wamerogwa. Tokeni nje kwanza.

UKIMKUTA MTU AMEZIMIA

Fungua mlango na madirisha, mtoe nje haraka, na wewe usikae humo. Kama anapumua, mlaze kwa ubavu. Usimpe maziwa, maji wala dawa ya kienyeji, aliyezimia atapaliwa. Mpeleke hospitali hata kama amezinduka na anasema yuko sawa, na umwambie mhudumu kwamba jiko lilikuwa ndani, ili apewe oksijeni. Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa namba 114.

JIKO LIKISHATOKA

Liweke mbali na nyasi, na lisikae chini ya dirisha la chumba cha kulala. Mwagia maji au mchanga hadi mkaa wote ufe.

Bandika ukurasa wa kwanza wa kijitabu hiki nyuma ya mlango wa chumba chako, na leo usiku, kabla hujaufunga, toa jiko nje.